Miguu Mbele, Akili Nyuma

Mmarekani akishanunua Harley-Davidson Iron 883, kazi ya kwanza ni kuifumua. Kiwandani vikanyagio vyake viliwekwa katikati, chini ya magoti; yeye anataka vihamie mbele, karibu na gurudumu, miguu inyooke kama ya Peter Fonda kwenye filamu ya Easy Rider ya 1969. Basi vitanunuliwa vikanyagio vipya, fito ndefu za gia na breki, kisha ekzosi ya kelele, maana pikipiki isiyoamsha watoto wa jirani bado haijakamilika. Haya yote huitwa kujipambanua. Ajabu ni kwamba katalogi ni ileile, na waliojipambanua wakiegesha pamoja hufanana kama wanafunzi waliovaa sare.

Wenye miguu mirefu watasema magoti yanawauma yakikunjwa, na hapo wana hoja. Lakini ukinyoosha miguu mbele, uzito wote hushukia kifupa cha mkia. Kwenye shimo huwezi kusimama juu ya vikanyagio, hivyo uti wa mgongo hugeuka springi, na upepo wa barabara kuu hukijaza kifua kama tanga. Dawa? Kiti kinene, springi ndefu za nyuma, hendeli za kurudi nyuma, kioo cha upepo: vyote vimo katika katalogi, kurasa chache mbele. Halafu kuna Forty-Eight, ndugu wa tumbo moja na Iron, iliyotoka kiwandani vikanyagio vikiwa mbele tayari. Wapo wamiliki wake wanaotafuta vya katikati.