Sifa za Takrima

Husimama mbunge Dodoma akaomba bangi iruhusiwe, tuiuze nje, ituletee dola. Nchi inacheka siku mbili, basi. Mimi sicheki. Nasikitika tu kwamba hakuna anayekumbuka kilevi tulichokwisha kukihalalisha, kikatamba mchana kweupe. Nasema takrima.

Itazameni hadhi yake. Gongo imepigwa marufuku tangu 1966, kwa sheria inayoiita “moshi”. Bibi akinaswa nayo, pipa lake halisalimiki. Anayelima bangi anaweza kufungwa miaka 30, na huku kwetu Morogoro wafyekaji wa serikali wameifuata hadi kusikopita gari. Takrima nani aliifyeka? Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi: mgombea akikirimu watu kwa nia njema, kwa mila na desturi, hiyo si rushwa. Uchaguzi ulikuwa Oktoba ya mwaka huohuo. Wavuta bangi hawajawahi kubahatika kujitungia sheria yao wenyewe.

Tena ina adabu. Hainuki, haifanyi macho yawe mekundu. Hapa Ngerengere nimeiona kwa macho yangu: sufuria la pilau chini ya mwembe, sukari ya kupima, doti moja ya khanga kwa akina mama wawili, kila mmoja na upande wake. Mzee mmoja alipewa kofia, akaibinyabinya, akauliza kama wale wa chama kingine hawana yenye kitambaa kizito zaidi. Sijasikia swali la sera lililochambuliwa kwa makini kiasi hicho.

Na inapanda haraka. Mtu anapiga makofi mgombea hajashuka garini! Mning'inio wake ndio mrefu kidogo, miaka 5.

Wenye wivu hawakukosekana. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu vile vikafutwa: maskini hawezi kukirimu kama tajiri, na hakuna aliyesema ukarimu unaishia wapi rushwa ianze. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Tangu hapo maskini takrima inaishi kama bangi, usiku usiku, kwa kumjua mtu. Imebadili majina: nauli, hela ya maji, kifuta jasho. Inaingia kwenye simu, na mtumaji muungwana huongeza ya kutolea.

Anayedhani bangi ingeiweza, amuulize George Wajackoyah. Mwaka 2022 aliwaahidi Wakenya bangi halali akigombea urais, akaambulia kura zisizofika asilimia 1. Kosa lake ni kuahidi kilevi bila kuonjesha.

Juzi, karibu na stesheni, nilimkuta mama anauza ndizi. Amevaa fulana ya kampeni, imefuliwa hadi sura ya mgombea imefutika, yamebaki meno yanacheka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Huyu alishinda?”

Akainamisha kichwa kuitazama, kama aliyesahau amevaa nini. “Alishinda.”

“Alirudi?”

“Wewe unanunua ndizi, au umetumwa?”

Nikachukua chane mbili. Akaniongezea ndizi moja, bila kuniomba chochote.