Namna ya Kumgundua Mwandishi Aliyenunuliwa, Bila Wewe Kununua Gazeti

Fika mapema kwenye meza ya magazeti, uiname kama mteja wa kweli, usome vichwa vya habari mpaka muuzaji aanze kukohoa. Ndani usifungue. Ndani kuna maelezo, na maelezo huharibu tuhuma nzuri.

Kanuni ni moja: habari ukiipenda ni ya kweli, usipoipenda mwandishi kala bahasha. Na bahasha zipo, tusidanganyane. Semina ikifungwa hotelini hutolewa karatasi ya kusaini na kitu kinachoitwa "nauli", hata kwa aliyekuja kwa miguu kutoka jengo la pili. Ila wewe usihangaike na bahasha hiyo, maana kuifuatilia ni kuanza kuuliza nani aliitisha semina, na wanaolalamikiwa walihojiwa au la. Kazi yote hiyo ya nini? Sema "wote makanjanja", umalizie chai yako.

Ukibanwa utoe ushahidi, mtaje mmiliki. Asitokee mtu wa kukukumbusha kwamba Agosti 2021 serikali ya Tanzania ililifungia kwa siku 14 gazeti la Uhuru, mali ya CCM yenyewe, kwa kuandika kwamba Rais Samia hakuwa na nia ya kugombea 2025. Gazeti la chama tawala limefungiwa na serikali ya chama hichohicho: hapo nani kamnunua nani? Ruka haraka.

Ruka pia mambo ya matangazo, yanachosha. Kenya, mwaka 2015, serikali iliamua matangazo yake yapitie wakala mmoja, na vyombo vya habari vimedai malipo yao mpaka sauti zikakauka. Mhariri anayemdai mtu fedha nyingi humchagulia maneno mtu huyo, na pengine habari yake huiweka kwenye droo "mpaka wiki ijayo". Habari ya kwenye droo haina kichwa cha kuinamia mezani, kwa hiyo haikuhusu.

Mhariri akilalamika kwamba wasomaji wangelipa asingemtegemea mtangazaji, mwonee huruma. Kisha fungua simu. Gazeti lake zima la leo liko kwenye kundi lenu la WhatsApp tangu alfajiri, bure, kurasa zote. Lisambaze kwa ukoo mzima, na chini yake uandike: "Hawa washanunuliwa."