Sita Haijatoka: Sifa za Dadu ya Ludo

Wafalme wamesifiwa, majemedari wamesifiwa, hata ng'ombe wa Ankole wamesifiwa kwa urefu wa pembe zao. Dadu ya ludo hakuna aliyeikumbuka. Kampala nzima ina deni hapa, nami leo nalipa sehemu yangu.

Tuanze na nasaba. Babu yake ni pachisi ya Wahindi, ambayo inasimuliwa kwamba mfalme Akbar aliicheza uani kwake Fatehpur Sikri, watu hai wakiwa ndio kete. Wahindi walirusha kauri. Waingereza wakaleta dadu, wakajipatia hataza ya ludo mwaka 1896, wakaongeza na kikombe cha kutikisia ili vidole visifanye ujanja. Vidole vya Kisenyi hapa Kampala vilishapata dawa ya kikombe, ila hiyo ni sifa ya vidole, tusiipe dadu.

Sasa nenda steji yoyote ya bodaboda abiria wanapoadimika. Ubao wa plywood uko juu ya magoti, helmeti ziko chini, watu wanne wanacheza na tisa wanatoa ushauri. Mwenye kete nyekundu anatikisa, anapiga: tatu. Zamu inazunguka, anapiga tena: moja. Kete zake zote nne bado ziko nyumbani, na bila sita hazitoki. Mipango anayo: anajua nani wa kumla kwanza, anajua ataweka wapi kete mbili pamoja ziwe ukuta asipite mtu. Vita vyote viko kichwani, vimepangwa, na haviwezi kuanza kwa sababu sita haijatoka. Aliyebuni mchezo ambao mtu anaweza kushindwa kabla hajacheza alikuwa na akili nyingi, tena za kikatili. Hesabu zenyewe zina dhihaka: ukirusha dadu moja mara kumi, uwezekano wa kutoiona sita hata mara moja ni kama asilimia 16, yaani karibu mtu mmoja katika kila sita. Hata inaponyima, dadu haiisahau namba yake.

Kuna vijana wanaocheza Plants vs. Zombies kwenye simu, wale wa kupanga mimea mstari kwa mstari kuzuia maiti wasiingie nyumbani. Wakifika hatua ambazo mimea inaletwa na mkanda, bila wao kuchagua, wanalia kwamba mchezo umewaharibia mbinu. Wampe pole mwenye kete nyekundu.

Mtaniambia kuna michezo ya heshima. Ndiyo, upo omweso: mashimo 32, kete 64, bahati hakuna hata chembe. Ni mchezo uliochezwa hadi kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Lakini ukifungwa omweso umefungwa wewe, kwa sababu kila kete ilikuwa wazi mbele ya macho yako. Nani anataka aibu hiyo saa nane mchana, na hajala? Ipo pia chesi. Mtaa wa Katwe ulimtoa mcheza chesi Phiona Mutesi, na mwaka 2016 Disney wakatoa filamu yake, Queen of Katwe. Bingwa wa ludo hakuna aliyemletea kamera, na ndiyo maana bado ana marafiki.

Maana mcheza ludo hajawahi kushindwa. Amenyimwa, ameibiwa, amerogwa, kuna mtu amemkalia vibaya upande wa kushoto; kushindwa, hapana. Lawama yote inabebwa na kitu kidogo kuliko jino, na hakijawahi kuitisha mkutano wa waandishi wa habari kujitetea. Hongo hakipokei. Kinapulizwa, kinanong'onezwa, kinabadilishiwa mkono, na bado mwenye digrii ya Makerere anapata mbili sawasawa na konda wa taksi. Maofisini utaambiwa urudi kesho. Dadu hukunyima papo hapo, ukaendelea na shughuli zako.

Serikali nayo haikuipenda. Sheria ya jinai tuliyoachiwa na Waingereza, walewale wa hataza, ilimhesabu anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa hadharani kuwa mzururaji. Basi askari alikuja, akafoka kwa Kiswahili cha kambini, akabeba ubao. Ng'ambo ya barabara duka la kubeti liliendelea na kazi, leseni imebandikwa ukutani. Ubao ulikwenda kituoni; dadu ilibaki mfukoni mwa mtu, na ubao mwingine ulichorwa siku ileile.

Ndugu zangu wa mamlaka ya jiji, KCCA, ombi langu ni sanamu. Ijengwe Katwe, ya saruji, kubwa kama kontena, nukta zipakwe rangi nyeusi zionekane toka mbali. Moja ielekee juu. Sita, kwa kadiri ya desturi, iwe ule upande uliokalia ardhi.