Sifa za Tope la Njia ya Aveba

Tope la njia ya Aveba ni zao la udongo mwekundu, maji ya mvua na uzito wa malori ya Fuso. Hupatikana kusini mwa Bunia, katika teritwari ya Irumu, kuanzia pale Bogoro ambapo njia huiacha ile ya Kasenyi na ziwa Albert na kushika upande wa Gety, halafu Aveba. Mfereji wa kando ukizibwa na majani, maji hukosa pa kwenda na kutuama katikati ya njia. Gari la kwanza huukoroga udongo, la pili huuchimba, na baada ya magari kumi lori zima huwa limelalia tumbo. Madereva hulitukana tope hili kwa kila lugha wanayoijua, nao hawalitendei haki. Kwa mtu anayetaka kusafiri mbali na gari lake, alale nje, tena na mbwa, hakuna mpangaji wa safari anayelishinda.

Kwanza, humpunguzia msafiri kazi ya kuchagua. Penye lami watu hushinda na ramani wakibishana walale wapi na waondoke lini. Irumu mvua nyingi hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Anayeondoka Bunia mwezi wa Aprili amekwisha kupangiwa kila kitu. Anayeondoka Januari hukuta vumbi, na vumbi halimlazi mtu popote.

Tope ndilo linaloandika pia orodha ya mizigo, na halivumilii anasa. Viti vya kukunja hubaki nyumbani. Huingia jeki na ubao mnene wa kuiwekea, kwa maana jeki isiyo na ubao huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Huingia majembe mawili, panga, cheni ya kuvutia, na pampu, kwani tairi lililopunguzwa upepo hukanyaga kwa upana na kushika vizuri, lakini mbele ya safari ni lazima lijazwe. Huingia bido ya lita 20 ya maji safi, ambamo mbwa huhesabiwa fungu lake kama abiria mwingine. Karatasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo kitu kimoja kisichofanyiwa mzaha: karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra sana mtu kupona.

Kuhusu aina ya mbwa, Ituri haina haja ya kuagiza. Wambuti wa msituni huwinda na mbwa mdogo mwenye mkia uliojikunja ambaye habweki. Humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi. Mwaka 1937 Mwingereza Olivia Burn aliwaonyesha mbwa wa namna hiyo kwao Uingereza, na leo wanafugwa duniani kote kwa jina la basenji. Kambini faida yake ni kwamba hamwamshi mtu kwa kila mlevi anayepita. Mwizi naye hunufaika na faida hiyohiyo.

Kusafiri matopeni na mbwa garini si jambo geni. Mwaka 1903 Horatio Nelson Jackson, kwa dau la dola 50, alivuka Marekani kwa gari kutoka San Francisco hadi New York, pamoja na fundi Sewall Crocker na mbwa aitwaye Bud waliyempata njiani. Safari ilichukua siku 63. Bud alivishwa miwani ya kuzuia vumbi, na gari lilinasuliwa matopeni kwa kamba mara nyingi. Historia imemtunza Jackson na imemtunza Bud hata kwa picha. Tope, lililowapa sehemu kubwa ya simulizi yao, halikupewa chochote.

Gari likinasa, kambi imepatikana. Kwanza milango hufunguliwa yote, na hilo ni jema kwa mbwa, ambaye hujipoza hasa kwa kuhema na anaweza kufa ndani ya gari lililofungwa juani. Hushuka wa kwanza, huzama hadi tumboni, hutoka ng'ambo, kisha hurudi kujikung'uta karibu na mama aliyevaa kitenge kipya. Kufikia hapo vijana wenye majembe wamekwisha kutokea. Bei yao hupanda jua linaposhuka, na mmoja wao hushikilia kwamba ubao umewekwa upande usiofaa. Abiria wa Fuso iliyonasa mbele hukoka moto. Wanaofika ni wauzaji wa mahindi ya kuchemsha, ndizi, na ndagala wa kukaushwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ni vijiji vichache vinavyopata wageni wasioweza kuondoka.

Sifa hizi ni za udongo peke yake, hazifiki kwenye bunduki. Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na njia ina bariere zake. Asiyetoka topeni kabla ya giza huacha gari na mlinzi, hujitambulisha kwa kapita wa kijiji, na hulala penye watu. Mbwa hufungwa kamba, kwa sababu mbuzi wa kijiji wana wenyewe.

Asubuhi Fuso ikiwa imetoka, huvuta gari dogo kwa cheni, polepole, watu wote wakiwa wamesimama mbali, kwa kuwa cheni ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mguu. Baada ya hapo matairi hujazwa, na mbwa huoshwa nyayo. Tope likikauka kati ya vidole humchubua ngozi, na hapo hapo ndipo funza na kupe hutafutwa. Lile lililoganda chini ya gari halina haja ya kukwanguliwa. Siku mbili tatu za jua hulikausha, nalo hudondoka lenyewe uwanjani Aveba, likiwa limesafiri kutoka Bogoro bila kulipa bariere hata moja.