Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, Kuhusu Hema

Mheshimiwa Mkurugenzi, Mtukufu, Mlezi wa Watumishi Wote, Mwenyekiti wa vikao vya kawaida na vya dharura,

Shikamoo. Na shikamoo tena, kwa kuwa ile ya Jumatatu uliipita koridoni, nami si mtu wa kudai deni dogo kwa mkubwa.

YAH: LIKIZO YA SIKU NNE KWENDA SAADANI NA HEMA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Najua hutahusika, nimeandika hivyo kwa heshima ya utaratibu tu.

Mimi ni karani wako wa masjala, yule unayemwita "wewe". Nashukuru kwa jina hilo. Ni fupi, halichoshi ulimi wa kiongozi, na kwa miaka kumi na moja limenitosha.

Fomu yangu ya kwanza iliingia ofisini kwako Januari, nikiomba kusafiri Februari. Ahsante kwa kutoisaini. Na ahsante zaidi kwa kutoisaini hata Aprili, maana masika ikishika, udongo mweusi wa mbuga za kule hugeuka tope la kumeza magurudumu. Kwa busara yako umenikinga na mvua za Aprili kwa kuninyima jua la Februari. Fomu ya pili niliileta Juni, kipupwe kikiwa kinaanza na njia zinakauka. Hiyo nayo umeitunza. Sasa vuli inabisha hodi, nami bado niko hapa, mkavu kabisa.

Muda huu ulionijalia sikuupoteza, Mheshimiwa. Nimejifunza. Saadani iko kati ya Bagamoyo na Pangani, imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na ndiko tembo na twiga huishi kwenye nyika inayoishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Nimejua kwamba kutembea kwa miguu humo ni lazima uongozane na askari mwenye bunduki. Nimejua kwamba Mto Wami una mamba na viboko, hivyo miguu haioshwi popote tu. Nimejua hesabu za bamvua: mwezi ukiandama na ukipevuka, maji hujaa kupita kawaida, kwa hiyo anayelala karibu na pwani husimika hema juu ya mstari wa mwani mkavu, asije akaamka anaelea. Nimejua pia kwamba machungwa hayalazwi hemani, kwa sababu pua ya tembo haina mipaka ya heshima.

Kuna pia ufuo wa Madete, ambako kasa hupanda usiku kutaga. Huchimba shimo, huyafukia mayai yake, kisha hurudi baharini asiyatazame tena. Niliposoma hapo nilikukumbuka sana, ingawa yale ya kasa hutotoka baada ya takriban miezi miwili.

Nikushukuru vilevile kwa sare ya buluu iliyokoza tuliyokatwa mishahara ili tushonewe. Mbung'o wamejaa kule, nao huipenda mno rangi hiyo, kiasi kwamba mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha namna hiyohiyo. Bila ofisi yako nisingekuwa na vazi la kuacha nyumbani.

Hema lenyewe ni la mtumba, zipu imekufa upande mmoja. Nilikusudia kununua jipya kwa malimbikizo yangu, lakini umeona vema yaendelee kulimbikizwa. Nimelisimika sebuleni. Wanangu wamekwisha kupiga kambi humo mara nyingi, na yule mdogo anaijua nyika ya chini ya meza kuliko askari yeyote.

Limebaki jambo moja linaloninyima usingizi. Kambi za kule hazina uzio. Usiku simba hupita, fisi hupita, tembo naye hupita apendapo. Nimejiuliza: ni kitu gani nilichopata kukiona kisichopitwa na chochote? Nikaikumbuka meza yako. Miaka kumi na moja nimepeleka majalada hapo na sijaona hata moja likitokea upande wa pili. Ombi la likizo ya uzazi la mwenzetu mmoja liko hapo bado. Mtoto mwenyewe ameanza darasa la kwanza.

Kwa unyenyekevu wote basi, naomba uje Saadani na meza yako, kwa usiku nne. Tutaiweka kati ya hema langu na kichaka. Wewe utakaa tu kama unavyokaa. Simba akitaka kupita, mwambie unavyotuambia sisi: "Acha hapo, nitaliangalia." Tembo alete kwa maandishi. Suti yako ya buluu usiiache, ili mbung'o nao wajue wapeleke wapi maombi yao. Na ukiwa na safari ya ghafla, kama kawaida, tundika koti kwenye kiti. Sisi wa masjala tunashuhudia kwamba koti hilo hufanya kazi ileile.

Fomu ya likizo naambatanisha kwa mara ya tatu. Usijisumbue kuisaini. Ukiwa nami kambini, hatakuwepo ofisini wa kuniuliza nilikokwenda.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Karani wa Masjala ("wewe")

Nakala: Jalada, likionekana.