Shemeji Kwenye Nyumba ya Kimya

Watawa wa Fountains Abbey, kule Yorkshire, Uingereza, walikuwa na kanuni ya kunyamaza. Shemeji yangu hana. Tangu tulipoingia kwenye magofu ya monasteri yao, bei ya saruji Moshi ilikuwa inatangazwa hadi juu ya mnara.

Monasteri hii ilianzishwa mwaka 1132 na watawa 13 waliohama abasia yao ya York kwa sababu maisha ya kule, eti, yalikuwa laini mno. Laini! Wakaja kukaa bondeni kando ya mto Skell, tena Desemba. Mimi nilikuwa hapo Aprili na masweta mawili, na meno yalikuwa yanagongana. Mvua ya Yorkshire hainyeshi ikaisha. Inakaa hewani ikikungoja upite. Mwavuli wangu mpya ulipinduka kwa upepo wa kwanza, vijiti vikabaki vinanitazama.

Nikaona kibao cha chumba ambamo watawa waliruhusiwa kuota moto. Nikakimbia. Meko yapo kweli, ya mawe, mapana kiasi cha kuegesha gari dogo. Ila Mfalme Henry VIII aliifunga monasteri mwaka 1539, na tangu hapo hakuna aliyeleta kuni. Kwenye jivu palikuwa na maji. Nayajua kwa sababu raba yangu ya kushoto iliingia yote.

Ghalani ndiko tulikoumbuka. Ni ukumbi wa matao, urefu wake unapita mita 90, na humo walihifadhi manyoya ya kondoo yaliyowatajirisha. Ukikohoa huku, kule mbali panaitikia. Simu ya video ya shemeji ikaita: mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo Jumapili, umeenda kanisani?"

Matao yakarudia: kanisani, nisani, sani. Wazungu waliokuwa wanapiga picha wakageuka.

"Nipo kanisani sasa hivi, mama!" Shemeji akachomoka mbio hadi kwenye nguzo za kanisa lenyewe, akaielekeza simu juu apate ushahidi. Kulikuwa na mawingu.

"Mbona sioni paa?"

"Liliezuliwa, mama. Henry aliliuza."

Mama mkwe akavuta pumzi. "Usharika gani unamwachia mtu auze paa? Waambie wazee wa kanisa waitishe harambee, mimi natoa bati mbili. Na huyo Henry, bado ndiye mweka hazina?"