Jinsi ya Kuuelewa Msamiati wa Serikali Bila Kuumeza

Mwanafunzi wa Mbeya au Iringa anayesoma mwanzo wa taifa la Marekani hukutana na orodha ndefu: makoloni 13, uwakilishi, shirikisho, mkataba, katiba, mihimili mitatu. Huinakili kwa kalamu za rangi tatu, akaibandika ukutani juu ya kitanda na kuimeza usiku wa kuamkia mtihani. Saa nne asubuhi huitema yote kwenye karatasi, na hadi wakati wa chakula cha mchana hakuna hata neno moja lililosalia. Mwongozo huu ni wa kumponya ugonjwa huo, na dawa zote zinapatikana Nyanda za Juu Kusini.

Kwanza bandua hiyo karatasi ukutani. Kisha anza na kodi, maana kodi haina haja ya mkalimani. Mwaka 1765 Bunge la London liliwatoza watu wa makoloni ya Marekani ushuru wa stempu, na ndani ya bunge hilo hawakuwa na mbunge hata mmoja. Hasira ile ndiyo iliyokuja kuzaa mapinduzi. Sasa geuza shingo utazame kwetu: mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Hakuna mwenye nyumba aliyeulizwa. Asiye na rupia alikwenda kuzitafuta kwa jasho, na huko ndiko serikali ilikotaka aende. Ukishaelewa hivyo, “kodi bila uwakilishi” hutaisahau hata uamshwe usingizini.

Kwa neno shirikisho, panda daladala ya Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Hapo ndipo palipokuwa na ngome ya Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe. Baba yake, Munyigumba, aliyefariki karibu mwaka 1879, alikuwa ameziunganisha tawala ndogondogo za Uhehe kuwa dola moja, na maeneo yakasimamiwa na wanzagila waliowajibika kwa Mtwa. Simama hapo ujiulize: hili lilikuwa shirikisho? Mwaka 1787 Wamarekani waliandika katiba iliyoyaachia majimbo sehemu ya mamlaka yao. Mnzagila hakuwa na karatasi ya namna hiyo ya kumwonyesha Mtwa. Tofauti hiyo ndiyo jibu lako la mtihani, na umeipata kwa nauli ya daladala.

Usiondoke Kalenga kabla ya kusoma mkataba. Baada ya Wahehe kukiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Wajerumani walirudi na mizinga, na Kalenga ikaanguka Oktoba 1894. Mkwawa alipigana porini hadi Julai 1898, akajiua kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake ndani ya miezi sita. Lilirudi tarehe 19 Juni 1954. Hesabu mwenyewe. Fuvu lipo kwenye makumbusho ya Kalenga, na nadhani kila anayetaka kuandika neno “mkataba” kwenye mtihani anapaswa kulitazama kwanza, ndipo aone umbali uliopo kati ya kutia saini na kutimiza.

Hatua inayofuata ni ngumu zaidi, na hapa vitabu vingi vya shule vimetudhulumu. Vinagawa watu wa zama zile makundi mawili, waliopinga ukoloni na waliokubali kutumika, kisha mwanafunzi wa Iringa anamcheka mwenzake wa Usangu. Nenda Mbarali, Utengule, ukaulize habari za kina Merere, watawala wa Wasangu. Wasangu walikuwa na dola yenye nguvu kabla Wahehe hawajawashinda na kuwasukuma nje ya nchi yao, wakahamia Usafwa, jirani na Mbeya ya leo. Mjerumani alipokuja kumpiga Mkwawa, Merere aliona mlango wa kurudi nyumbani. Aliyefukuzwa kwake ana hesabu zake, na kumwita msaliti ni kusahau kwamba wakati ule hapakuwa na Tanganyika ya kusalitiwa. Makabila ya asili ya Marekani nayo yalifanya hesabu kama hizo kati ya Waingereza, Wafaransa na waasi wa 1776. Ukikutana na neno “mshirika”, uliza kwanza alikuwa amepokonywa nini, na nani.

Kwa mihimili na kupokezana madaraka, shuka Rungwe. Malafyale, chifu wa Wanyakyusa, hakutawala peke yake. Alikuwa na amafumu, viongozi wa vijiji wasio wa ukoo wake, na neno lao lilikuwa na uzito kwake. Kizazi cha vijana kikishakomaa, ilifanyika sherehe ya ubusoka: wazee walikabidhi utawala kwa watoto wao, na nchi ikagawanywa kwa wana wa malafyale. George Washington anasifiwa duniani kote kwa kuondoka madarakani mwaka 1797 akiwa bado na nguvu, na anastahili. Lakini ukimtaja yeye tu na kuwaacha wazee wa Rungwe, umeandika nusu ya jibu.

Limebaki neno jamhuri. Tanganyika ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na mwaka 1963 uchifu ukaondolewa kisheria. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, chifu wa Wahehe aliyelipokea lile fuvu, alikuwa ameshakuwa Spika wa Bunge, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi. Chukua kalamu ya rangi moja, ueleze kwa nusu ukurasa mamlaka ya babu yalitoka wapi, na ya mjukuu kwenye kiti cha Spika yalitoka wapi. Usitumie hata neno moja la ile karatasi ya ukutani. Ukimaliza, mpe mtu wa Utengule aisome kabla hujampelekea mwalimu.